Magwanda Kwenye Kamba ya Nguo

Mama Bénie anasema alimwona askari kwa macho yake mawili, hakuhadithiwa. Anasema alikuwa ameamka alfajiri kumwagilia lengalenga zake, ule mchicha wa kwao, mara mlango wetu ukafunguliwa kwa teke. Akatoka jitu, magwanda tangu shingoni hadi miguuni, buti kama mawe, limembeba mtoto aliyezongwa kwa blanketi. Mtoto analia "mama, mama," na mama mwenyewe anafuata nyuma na mfuko, kichwa wazi, hata kitambaa hakuwahi kufunga. Wote wakatupwa garini. Gari likaondoka taa zimezimwa.

"Walimubeba mutoto sawa muzigo," alinong'ona kwenye simu, akairekodi sauti hiyo na kuituma kwa kundi la WhatsApp la kina mama wa kanisa lao. Kundi likaituma Fairfield, Fairfield ikaituma Campbelltown, na kabla chai yangu ya asubuhi haijachemka, sisi tulikuwa tumeshakamatwa Sydney nzima. Hata binti yake Bénie, aliyeko mbali kule Coffs Harbour, aliipata. Akamjibu mama yake kwamba kuanzia siku hiyo hamfungulii mlango mwanamume yeyote anayegonga, hata awe pasta.

Sasa ngoja niseme ilivyokuwa.

Mlango haukupigwa teke. Niliufungua mimi. Yule jitu ni shemeji yangu, Meja Kariuki wa jeshi la Kenya, aliyeletwa huku kwa miaka miwili kufanya kazi na wanajeshi wa hapa. Nyumbani sote tunamwita Afande, hata watoto wake. Mtoto wa kwenye blanketi ni Njenga, na hakuwa akimlilia mama, alikuwa akililia dinosa wake wa plastiki aliyesahaulika chini ya kitanda. Mwenye kichwa wazi ni dada yangu Peninah. Mimi ndiye Apondi. Nilimaliza darasa la nane nikakaa nyumbani, na dada alipopata safari hii aliniomba nije nimsaidie watoto. Taa za gari zilikuwa zinawaka. Hiyo ya kuzimwa ni chumvi ya Mama Bénie.

Tulikuwa kwenye zoezi. Afande hawezi kwenda likizo bila kuifanyia zoezi kwanza. Hata Kenya, nikiwatembelea Krismasi ikikaribia, tulikuwa tukiamshwa na kupakiwa garini tukiwa na usingizi, tunazungushwa mtaa, tunarudishwa kulala. Ulikuwa mwezi wa Septemba, mwaka wa pili wa korona. Sisi wa Rooty Hill tulikuwa tumefungiwa, haturuhusiwi kupita kilomita tano kutoka nyumbani. Lakini Afande alisema siku njia zikifunguliwa, asiyejiandaa atakula Krismasi kwenye foleni ya magari. Kwa hiyo tukaenda mpaka stesheni ya treni, tukageuza, tukarudi. Abigail, mkubwa wa watoto, alijifunika uso kwa kofia njia nzima.

"Dad, people can see us," akasema.

"Wacha waone," Afande akajibu. "Wajifunze."

Basi walikuwa wameona.

Kosa lilikuwa hili. Familia za jeshi la kwetu zina desturi yao: magwanda hayaanikwi nje. Ukiyaanika nje ya kambi yataibwa, na mwizi akiyavaa utajua wewe utaeleza nini. Tena askari akienda mjini anavaa kiraia. Hapa Rooty Hill hakuna wa kuiba suruali ya mtu, lakini dada alikuja na desturi yake kama alivyokuja na mwiko wake wa ugali. Magwanda yalikauka ndani ya gereji, na Afande aliondoka kila asubuhi na tracksuit, akayavalia kazini. Siku ya zoezi ndiyo siku pekee aliyovaa akiwa nyumbani, maana aliona atachelewa kazini. Mama Bénie alikuwa amekaa jirani nasi zaidi ya mwaka akidhani Baba Abigail anafanya kazi benki.

Na ilikuwa msimu mbaya wa kuona askari. Mwezi uliotangulia serikali ilikuwa imeleta wanajeshi mitaa ya huku magharibi, wanatembea na polisi kugonga milango, kuangalia kama wagonjwa wamekaa ndani. Walikuwa vijana wapole, wengine wakileta hata chakula. Lakini Mama Bénie ametoka milima ya Fizi, kule Kongo, na kule akigonga mtu wa magwanda alfajiri, hodi yake haijibiwi. Unatoka kwa dirisha.

Nilipomaliza chai siku ile nikaenda kwenye ua wa mbao unaotutenga, nikaita, "Mama Bénie!"

Jicho moja likatokea kwenye ufa. "Apondi? Walikuachilia?"

"Hakuna aliyetukamata, Mama. Yule ni shemeji yangu."

"Shemeji gani?"

"Si ni Baba Abigail!"

Jicho likapepesa. "Baba Abigail iko militeri?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajaoa."

Akafunga bomba la maji. Akaingia ndani, na komeo lake nikalisikia mpaka kwetu.

Huo ukawa mwisho wa lengalenga. Kabla ya hapo kila jioni alikuwa akinipitishia fungu juu ya ua, mimi nampitishia chapati, na tunazungumza mpaka mbu watufukuze. Wakati ule wa kufungiwa, yeye ndiye mtu mzima pekee niliyeweza kuongea naye, ukiacha dada aliyekuwa na masomo yake kwenye kompyuta. Mazungumzo yetu yalikuwa na njia moja: Bénie na mtoto wake. Bénie na mumewe huchuma bluberi kwenye mashamba ya Coffs Harbour, mwendo wa siku nzima kaskazini, na katikati ya kufungiwa Bénie alijifungua msichana, wakamwita Aksanti. Mama Bénie hakuwa amemshika. Kila jioni alinionyesha picha mpya kwenye simu.

"Anakua mu simu tu," alikuwa akisema. "Siku nikifika atafikiri mimi ni mutu wa kioo."

"Njia zikifunguliwa utapanda treni."

"Treni ile nikipanda nitashukia wapi? Kiingereza yangu inaishia Blacktown."

Sasa hata picha sikuonyeshwa tena. Na ile habari ya kukamatwa kwetu ilikuwa imezunguka kote, lakini habari ya kutokamatwa hakuna aliyeituma.

Sikumsukuma. Mimi si mtu wa haraka. Nilikuwa nikitoka kuanika nguo namwona upande wa pili akinyunyiza maji, namwambia, "Habari ya asubuhi, Mama," naye anajibu kwa kuongeza maji. Kitu kimoja nilikigundua: hata akinuna, macho yake hayakosi kwenye kamba yetu ya nguo. Soksi zikipungua anajua. Nikaanza kupata wazo.

Nyumba yetu ina baraza lake la Jumapili. Baada ya chakula, mwenye ombi anasimama wima, mikono ubavuni, visigino pamoja, anasema, "Afande, naomba ruhusa." Anataja ombi. Afande anajibu "Imekubaliwa" au "Imekataliwa," na hakuna kununa. Njenga huomba mbwa kila Jumapili na hukataliwa kila Jumapili, na hukaa chini na heshima zake. Dada naye husimama, ila yeye hucheka, na nadhani majibu yake hupewa kwingine.

Jumapili hiyo nikasimama. "Afande, naomba ruhusa ya kuanika magwanda nje."

Kijiko cha dada kikagonga sahani. Afande akanitazama. "Sababu?"

"Jirani azoee."

"Azoee nini?"

"Azoee kuyaona yakiwa hayana mtu ndani. Yakiwa yamelowa, Afande. Kitu kinachodondoka maji kwenye kamba hakimtishi mtu."

Dada akamwangalia Afande, yeye akaangalia wali. "Imekubaliwa," akasema. "Lakini yakiibwa, wewe ndiye utaeleza."

Jumatatu niliyaanika. Shati katikati ya gauni za Abigail, suruali kati ya soksi za Njenga zenye vibonzo. Mama Bénie alitoka, akaona, akarudi ndani. Wiki iliyofuata alitoka, akaona, akamwagilia akiwa ameyapa mgongo. Baadaye akawa anamwagilia akiyatazama kwa pembeni, kama mtu anayemchunguza mbwa mgeni. Mimi naanua, naanika, sisemi kitu.

Siku moja nikasikia sauti juu ya ua. "Apondi."

"Labeka, Mama."

"Ile suruali ya boss yako. Mufuko ya nyuma imepasuka."

Nikaangalia. Ilikuwa imepasuka kweli.

"Mutu mukubwa hivi, anatembea mu ofisi ya watu na mufuko wazi? Dada yako haone?"

"Dada haoni vizuri mambo ya sindano, Mama."

"Lete."

Nikampitishia suruali ya Meja Kariuki juu ya ua. Aliishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama samaki aliyeharibika. Jioni ikarudi imeshonwa, uzi wa rangi ileile, mishono midogo kama ya mashine. Na ndani ya mfuko wa nyuma alikuwa amechomeka fungu la lengalenga.

Afande alipoivaa alipapasa mfuko na kuuliza ni fundi gani. Dada akamwambia ni yule jirani aliyesema umekamata watoto. Alicheka mpaka akakaa kitandani.

Mwezi wa Novemba njia zikafunguliwa. Mezani kwetu ukaanza mjadala wa likizo ya Desemba. Abigail alitaka theluji, akaambiwa Desemba ya huku ni jua kali, aulize mwalimu wake. Dada alitaka mahali pa kulala tu. Njenga ndiye aliyeshinda: shuleni wameambiwa kuna ndizi kubwa kuliko nyumba, imejengwa kando ya barabara, watu wanapiga picha nayo.

"Iko wapi hiyo?" Afande akauliza.

"Coffs Harbour," Njenga akasema.

Nilikuwa nimebeba bakuli la supu. Sikuliangusha, lakini lilijua.

Jumapili nikasimama tena. "Afande, naomba ruhusa ya kiti kimoja. Mama Bénie ana mjukuu Coffs Harbour, hajamwona."

Afande akaweka uma chini. "Apondi. Huyu mama anaogopa askari."

"Ndiyo, Afande."

"Na wewe unataka nimfungie kwenye gari la askari siku nzima."

"Ndiyo, Afande."

"Na akikataa?"

"Nitakuwa nimemwuliza."

"Please, Dad," Abigail akasema, bila hata kusimama, na kwa mara ya kwanza hakukemewa.

"Imekubaliwa. Mzigo mmoja. Asiyefika getini saa ya kuondoka, tunaondoka."

Nilipomwambia Mama Bénie alishika ua kwa mikono miwili. Halafu akasema, "Ataendesha yeye?"

"Yeye."

"Na ile nguo?"

"Likizo havai."

Akaondoka akaenda kugusa majani ambayo hayakuwa na shida yoyote. "Nitaangalia," akasema. "Na usimuambie Bénie. Nisimuahidi mutoto wa watu, halafu moyo ikatae ku mulango ya gari."

Siku ya safari, kumekucha kidogo tu, tulitoka kwa mpangilio wetu: watoto, blanketi, dinosa, maji. Mama Bénie alikuwa tayari amesimama getini, kitenge kipya cha maua ya njano, barakoa ya kitambaa hichohicho, na pembeni yake mlima. Ndoo, mifuko, gunia la sombe, yale majani ya mihogo, pakiti za samaki wakavu, debe la mawese, vyote vimefungwa pamoja na kitenge kimoja kikuukuu.

Afande akauzunguka ule mlima. "Mama, tulisema mzigo mmoja."

"Hii ni moja," Mama Bénie akasema, akitazama chini. "Hesabu mafundo."

Fundo lilikuwa moja kweli. Afande akafungua mdomo, akaufunga, akaanza kupakia. Alikuwa amevaa kaptula nyekundu na kandambili, na alipoinama Mama Bénie alipata nafasi ya kumkagua kwa raha. Akaniegemea. "Kumbe miguu yake ni sawa ya watu."

"Utakaa wapi, Mama?"

"Nyuma yake. Mimi nimuone, yeye asinione."

Akapanda. Aliushika mkono wangu mpaka tulipovuka mto Hawkesbury, ndipo damu ikarudi kwenye vidole vyangu. Alikuwa amekaza macho kwenye kisogo cha Afande. Afande naye alijua anatazamwa. Mabega yake hayakugusa kiti sehemu yote ile ya kwanza ya njia. Harufu ya samaki ikatandaa. Njenga akauliza nani amekufa. Dada akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua.

Njenga ndiye aliyevunja ubaridi. Alianza kumfundisha Mama Bénie baraza letu: visigino, mikono, sauti. Yeye hujibu kwa Kiingereza hata ukimsemesha Kiswahili, lakini "naomba ruhusa" anayo safi. Mama Bénie akarudia pale kitini, ananyoosha mgongo, anakosea, anarudia, Njenga anamwambia, "Again." Mwishowe, mbele ya Newcastle, akapaza sauti kwa kile kisogo:

"Afande! Naomba ruhusa."

Afande akapunguza mwendo.

"Sema, Mama."

"Simamisha. Mimi ni muzee, kibofu yangu haina zoezi."

"Imekubaliwa," Afande akasema, na mabega yake yakashuka yakagusa kiti.

Baada ya hapo walikuwa wanaongea. Mama Bénie alimwuliza Afande mama yake yuko wapi, analima nini, kwa nini ana mtoto wa kiume mmoja tu. Alimwambia mfuko ule wa suruali ukipasuka tena asinunue mpya. Tulikula sandwichi, yeye akatugawia mikate yake ya mihogo, na Abigail akala miwili bila kuuliza ni nini, jambo ambalo nyumbani hatujalipata.

Ndizi tuliifikia jua likiwa limeinama. Ni ndizi kweli, ya saruji, ya njano, unapita ndani yake kama handaki. Watoto walikimbia. Mama Bénie akaigonga kwa kifundo cha kidole.

"Hailiwe?"

"Hapana, Mama."

"Basi ya nini?"

Tukapiga picha tukaenda zetu.

Nyumba ya Bénie ilikuwa ya mbao, nyeupe, mwisho wa barabara yenye miti. Dirishani mwanga wa runinga. Mama Bénie alikuwa anacheka tu, hawezi kufungua mkanda. Nilikuwa namfungulia. Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyemzuia Afande.

Yeye alitaka kufanya wema. Alijitwika ule mlima begani, akavaa mgongoni begi lake la kambi lenye madoa ya majani, ambalo tulikuwa tumelijazia vilivyodondoka, akapanda ngazi. Akagonga kama anavyogonga milango yote tangu nimfahamu: ngumi tatu, mlango ukaitikia wote. Halafu kwa ile sauti ya gwaride:

"Hodi hapa! Fungueni!"

Runinga ikazimika. Pazia likasogea kidogo, likarudi. Mtoto akaanza kulia ndani, na kilio kikakatwa, kama kimefunikwa na kiganja.

Mama Bénie akaacha kucheka. Alikuwa anaujua ule ukimya kuliko sisi sote. Na niliona anakumbuka ile sauti yake ya Septemba, na jibu la Bénie, hata awe pasta.

Alishuka kwenye gari kama msichana. "Wewe, Afande! Toka ku mulango! Rudi kule ku gari, simama mahali anakuona, na weka muzigo chini!"

Meja Kariuki akaweka mzigo chini. Akarudi nyuma mpaka kwenye gari, akasimama na kaptula yake nyekundu, mikono mbali na mwili, vidole vimefunguka. Jasho lilikuwa linamtoka. "Sikufikiri," akamwambia dada. "Mama Abby, kweli sikufikiri." Dada akamshika kiwiko. Njenga, bila kuambiwa na mtu, akaenda kusimama mbele ya baba yake na dinosa mkononi, ili huyo wa ndani aone na mtoto.

Mama Bénie akapanda ngazi. Alivua barakoa. Hakugonga; aliweka kiganja kwenye mlango, akakwaruza kwa kucha.

"Bénie. Ni mimi, mama yako."

Akaweka sikio kwenye ubao.

"Atafikiri nimeletwa kwa nguvu," akaniambia, bila kugeuka. Halafu tena kwa mlango: "Hapana kuogopa. Yule ni Baba Abigail, ni ule wa audio. Ile audio ilikuwa ya bongo, ya uongo. Mulango hakupiga teke. Taa ilikuwa inawaka. Mimi nilikuwa nimeona nusu, nusu nyingine nikaweka mwenyewe. Nimekuja na yeye siku muzima, nimeshona mufuko yake, amenisimamishia gari nikojoe. Unasikia? Nimekuletea sombe. Fungua kidogo tu, unipatie hata mukono ya mutoto."

Ndani, ubao wa sakafu ulilia mara moja.

Mama Bénie akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Akanyoosha mgongo. Akabana visigino vya viatu vyake vya kanisani, akateremsha mikono ubavuni, kama Njenga alivyomfundisha garini, akauambia ule mlango mweupe:

"Bénie, naomba ruhusa."